Umeme kidogo, uamuzi wa haraka: Haydom na vifaa tiba vya kesho

Mtoto anayezaliwa bila kupumua hana muda wa kusubiri. Mwaka 2012 watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara, walichapisha hesabu ambayo kila mkunga anapaswa kuijua. Walikuwa wamefuatilia watoto 5,845 waliozaliwa hospitalini hapo. Kwa wale waliohitaji kupuliziwa hewa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kubaki wodini na matatizo, na hatari iliendelea kupanda hadi dakika ya sita.

Sasa tazama kazi zinazomsubiri mkunga ndani ya sekunde hizo 30. Amkaushe mtoto, amsugue mgongo, amsafishe njia ya hewa ikiwa imeziba, aandae begi na barakoa, huku jicho moja likiwa kwa mama asije akavuja damu nyingi. Katikati ya hayo yote kuna swali moja linaloamua hatua inayofuata: moyo wa mtoto unapiga, na kama unapiga, ni kwa kasi gani? Mapigo yakizidi 100 kwa dakika, kuna nafuu. Yakiwa chini ya 100, hewa iendelee kupulizwa bila kusita. Yakishuka chini ya 60, hali ni ya hatari kubwa. Kuyahesabu kwa vidole viwili kwenye kitovu, au kwa stethoskopu juu ya kifua chenye upana wa kiganja, kunawashinda hata wazoefu.

Ukiwa Haydom utapata daktari wa kumwita. Ukiwa kwenye zahanati ya Yaeda Chini au kijiji cha wilaya jirani ya Hanang kilicho mbali na mji wa Katesh, huenda mkunga akawa peke yake, usiku, na umeme umekatika. Hapo ndipo kifaa kinachoweza kusoma moyo, kuutofautisha na kelele, na kutoa jibu kwa kutumia umeme kidogo mno kinapokuwa suala la uhai. Wahandisi wa saketi za analogi wamekuwa wakitafuta njia ya kutengeneza kifaa cha aina hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Na sehemu kubwa ya ujuzi ambao kifaa hicho kitauhitaji ulikusanywa Manyara.

Ujuzi uliozaliwa nyanda za Mbulu

Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway, kwenye uwanda wa juu unaokaribia mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kiasi cha kilomita 300 kutoka Arusha kwa barabara. Wagonjwa wake ni Wairaqw, Wadatooga wakiwamo Wabarbaig, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wahadzabe. Ni sehemu chache sana Afrika ambako foleni moja ya kliniki inakutanisha wasemaji wa lugha za Kikushi, Kinilo na Kibantu, pamoja na Kihadza ambacho hakina ndugu anayejulikana.

Tanzania ilipoanza kujaribu mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua mwaka 2009, Haydom ilikuwa miongoni mwa hospitali nane za mwanzo. Mwaka 2010 wakunga wake walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mwanasesere. Matokeo yalikuwa funzo kwa dunia nzima: mbele ya mwanasesere wakunga walifanya vizuri zaidi kuliko awali, lakini kitandani, mbele ya mtoto halisi, hakuna kilichobadilika. Hospitali haikulificha jambo hilo, ililichapisha. Kisha kuanzia mwaka 2011 mafunzo yakabadilishwa kuwa mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, ndani ya wodi yenyewe. Utafiti ulioongozwa na Estomih Mduma, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Hapo Haydom ilijifunza kwamba maarifa yasipokuwa karibu na kitanda, hayamfikii mtoto. Somo hilo lilianza kwa mikono ya wakunga, na sasa linahusu mashine vilevile.

Mwaka 2013, chini ya mradi wa Safer Births uliowaunganisha watafiti wa Haydom, Hospitali ya Muhimbili, Chuo Kikuu cha Stavanger cha Norway na kampuni ya Laerdal Global Health, vyumba vya kujifungulia vya Haydom vilifungwa mashine maalumu za kurekodi kila kinachotokea wakati mtoto anapohudumiwa: umeme wa moyo, msukumo na kiasi cha hewa inayoingia, hewa ukaa inayotoka, hata mtikisiko wa mikono inayomsugua. Hazikuwa na nyaya za kubandika kwa gundi. Umeme wa moyo ulisomwa kwa elektrodi kavu zinazogusa ngozi tu.

Rekodi hizo zilifungua mambo mawili makubwa. La kwanza ni namna moyo wa mtoto mwenye afya unavyokwenda katika dakika tano za mwanzo wa maisha yake. Vipimo vya zamani vilitegemea mwanga unaopenya ngozi, navyo huchelewa kupata mapigo. Elektrodi kavu za Haydom zilionyesha moyo ukipanda kasi haraka ndani ya dakika ya kwanza. La pili linauma zaidi. Miongoni mwa watoto ambao macho na mikono ya binadamu ingewaandika kuwa wamezaliwa wafu, walikuwamo ambao mashine iliona moyo wao bado unapiga. Mtoto wa namna hiyo hajafika mwisho. Ni mgonjwa mahututi anayehitaji hewa.

Kutokana na utafiti wa aina hii vilitoka vifaa ambavyo leo vinajulikana katika wodi nyingi. Moyo ni kipimo cha kufuatilia mapigo ya mtoto akiwa bado tumboni, chenye kihisi kinachofungwa kwa mkanda, ambacho mama anaweza kutembea nacho. Kina pia elektrodi za kusoma moyo wa mama mwenyewe, ili mkunga asije akachukua mapigo ya mama akadhani ni ya mtoto. NeoBeat ni kifaa chenye umbo la herufi C kinachomkumbatia kichanga kiwiliwilini na kuonyesha kasi ya moyo ndani ya sekunde chache.

Mashine iliyojifunza, lakini ugenini

Watu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Stavanger, wakiwamo Kjersti Engan na Trygve Eftestøl, walizichukua rekodi za Haydom wakazifundishia kompyuta. Mwaka 2020 kundi lao, likiongozwa na Jarle Urdal, lilichapisha njia ya kutambua lini mtoto anasuguliwa kwa kusoma umeme wa moyo na mtikisiko peke yake. Mwaka huohuo Øyvind Meinich-Bache na wenzake walichapisha mfumo unaotazama video za wodi na kutambua kazi inayofanyika: kupuliza hewa, kufyonza njia ya hewa, kusugua. Kompyuta haikuandikiwa kanuni moja baada ya nyingine. Ilionyeshwa mifano mingi ya vizazi halisi, ikajitafutia yenyewe alama za kutofautisha.

Kwa nini kanuni rahisi hazitoshi? Kwa sababu ishara ya umeme inayotoka kwenye kifua cha kichanga ni dhaifu, kwa kawaida haifiki hata milivolti moja. Mkono wa mkunga unapomsugua mtoto aliyelowa, elektrodi husogea na kuzaa ishara kubwa mara nyingi kuliko ya moyo. Mvumo wa umeme wa ukutani unaweza kuchujwa kirahisi kwa kuwa unajulikana: mizunguko 50 kwa sekunde. Kelele za kusuguliwa hazichujiki hivyo, kwani zinaangukia palepale yalipo mapigo. Inabidi kuwe na kitu kilichojifunza sura ya pigo la kweli na sura ya mkono unaosugua, kisha kiamue.

Tatizo ni mahali uamuzi huo unapofanyika. Kazi nilizozitaja zilifanywa kwenye kompyuta kubwa, baada ya tukio, ugenini. Zimewafundisha watafiti mengi, na kupitia watafiti zimewafikia wakunga. Lakini mtoto aliyekuwa mezani wakati ule hakusubiri majibu ya Stavanger. Tukitaka ujuzi huo umfikie mtoto wa kesho kwa wakati, sharti ukae ndani ya kifaa chenyewe. Hapo ndipo bili ya umeme inapoingia.

Gharama ya kuhesabu

Kifaa cha dijitali hufanya kazi kwa hatua. Kwanza hukuza ishara ya moyo. Kisha huipima mara mia kadhaa kila sekunde na kugeuza kila kipimo kuwa namba. Namba hizo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu, hutolewa, huzidishwa kwa namba nyingine ambazo mashine ilijifunza, hujumlishwa, na jibu hurudishwa kwenye kumbukumbu. Mtandao mdogo tu wa akili mnemba unaweza kuhitaji maelfu ya kuzidisha na kujumlisha kwa kila pigo la moyo. Na katika chipu za kisasa, kuzidisha kwenyewe ni kazi nafuu. Kinachokula umeme zaidi ni kuzihamisha namba kutoka kumbukumbu kwenda kwenye kichakataji na kuzirudisha.

Chukua betri bapa ya duara inayotumika kwenye rimoti za magari, ya volti 3 na takriban miliampea-saa 220. Saketi inayotumia miliwati 10 mfululizo itaimaliza ndani ya siku tatu. Saketi inayotumia mikrowati 100 itaitumia kwa siku 275, kama miezi tisa. Kioo cha kuonyeshea namba na taa vina gharama yake pembeni, lakini kioo huwashwa pale kinapohitajika tu. Inayopaswa kukesha ni saketi inayosikiliza moyo.

Tofauti ya siku tatu na miezi tisa ndiyo tofauti ya kifaa kinachofanya kazi na kifaa kinachokaa kabatini kikisubiri chaja. Yeyote aliyefanya kazi katika vituo vya afya vya vijijini amewahi kuliona kabati hilo: mashine nzuri za msaada, zilizozimika, zenye vumbi. Mara nyingi hazikuharibika ubongo. Ziliharibika betri, chaja au waya.

Kuiachia elektroniki ifanye hesabu yenyewe

Saketi ya analogi huanza na swali tofauti: kwa nini tugeuze ishara kuwa namba kabla ya kuifanyia hesabu, ilhali umeme wenyewe unajua kuhesabu?

Kila aliyesoma fizikia ya sekondari anaikumbuka Kanuni ya Ohm: mkondo ni msukumo ukigawanywa kwa ukinzani. Ukigeuza maneno, mkondo ni msukumo ukizidishwa kwa wepesi wa njia kupitisha umeme. Maana yake, ukiingiza ishara ya moyo kama msukumo, na ukauweka uzito, yaani ile namba ambayo mashine ilijifunza, kama wepesi wa njia, mkondo unaotoka ni jibu la kuzidisha. Hakuna kichakataji kilichotumwa kazini. Kisha ipo Kanuni ya Kirchhoff: mikondo inayokutana kwenye kiungo kimoja hujumlika. Ni kama vijito vinavyoshuka Mlima Hanang na kuungana bondeni. Hakuna anayehesabu matone, lakini mto wa chini una maji ya vijito vyote. Kuzidisha na kujumlisha, kazi mbili zinazobeba karibu mzigo wote wa akili mnemba, vinafanyika mahali pamoja na kwa wakati mmoja, palepale uzito ulipohifadhiwa. Ile safari ya namba kati ya kumbukumbu na kichakataji inafutika.

Hatua ya pili ya kubana umeme iko ndani ya transista. Katika simu, transista hutumika kama swichi, imefunguka au imefungwa. Lakini hata kabla ya kufunguka sawasawa, kuna mkondo mdogo sana unaopenya, wa nanoampea au pungufu. Wahandisi wa dijitali huuona kuwa uvujaji, hasara ya kuzibwa. Carver Mead, profesa wa Taasisi ya Teknolojia ya California, aliuona kuwa mali. Katika hali hiyo, kila msukumo unapopanda kwa milivolti 60 hadi 100 hivi, mkondo huongezeka mara kumi. Mead alitambua kuwa tabia hiyo inafanana na ya milango ya ioni katika seli za neva, na mwaka 1989 akachapisha kitabu kilichoanzisha fani nzima ya saketi zinazoiga neva. Hoja yake ilikuwa nzito: ubongo wa binadamu hutumia takriban wati 20, pungufu ya balbu nyingi za zamani, na bado hufanya kazi ambazo mashine zinazokula umeme wa kijiji kizima huhangaika nazo.

Tiba ilikuwa mahali pa kwanza ambapo hoja hiyo ilijaribiwa kwa vitendo. Rahul Sarpeshkar, aliyekuwa mwanafunzi wa Mead, pamoja na wenzake, mwaka 2005 walitangaza kichakataji cha analogi kwa ajili ya vifaa vinavyopandikizwa kuwasaidia viziwi kusikia. Kilitumia mikrowati 251, wakati vichakataji vya dijitali vya wakati ule vilikuwa vikitumia miliwati kadhaa kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 2007 Shantanu Chakrabartty na Gert Cauwenberghs walionyesha chipu ya analogi inayoweza kufundishwa kutambua ruwaza na kuzipanga katika makundi kwa kutumia chini ya mikrowati moja. Kwa umeme huo, ile betri ya duara ingechakaa kwa uzee kabla ya kuishiwa chaji.

Tangu hapo wahandisi wa nchi nyingi wamekuwa wakijenga saketi za aina hii kwa ajili ya kutambua mapigo ya moyo yaliyokwenda kombo, kifafa kinapokaribia, na sauti. Mpangilio unaoleta matumaini zaidi ni wa zamu mbili. Mlinzi wa analogi hukesha kwa umeme kiduchu, akisikiliza. Akihisi jambo, humwamsha kichakataji cha dijitali kuhakiki na kuonyesha jibu. Kwa kifaa cha kichanga mpangilio huu unafaa sana: kinaweza kulala kwenye droo kwa wiki nzima, kikaamka chenyewe kinapogusa ngozi, bila mkunga kutafuta swichi kwa mikono iliyolowa.

Udhaifu unaopaswa kusemwa

Ningewadanganya wasomaji kama ningesema njia hii haina matatizo. Transista mbili zilizotengenezwa kwenye chipu moja, kwa mchoro mmoja, hazilingani kabisa. Katika mikondo midogo, tofauti hiyo hukua. Ujuzi wa chipu iliyofundishwa maabara unaweza kukosea ukihamishiwa kwenye chipu pacha. Kwa hiyo kila moja inahitaji kusawazishwa kivyake, au mtandao wake ufundishwe tangu mwanzo kuvumilia kasoro.

Joto ni adui mwingine. Ule mkondo unaopenya kwenye transista iliyofunguka nusu hubadilika sana joto linapobadilika. Nyanda za juu za Mbulu zina usiku wa baridi kali mwezi Juni na Julai. Kifaa kilichotolewa kwenye droo ya baridi na kuwekwa juu ya mwili wa mtoto mwenye joto la nyuzi 37 kitapitia mabadiliko makubwa ndani ya sekunde chache, na ni sekunde hizohizo tunazokihitaji kitupe jibu. Saketi za kufidia joto zipo na zinaeleweka, lakini lazima zijaribiwe katika wodi ya Haydom na zahanati ya Hanang, maana maabara yenye kiyoyozi haitaonyesha kasoro hizo.

Kubwa zaidi ni swali la watoto ambao mashine ilijifunzia kwao. Dunia ililipata somo hili kwa uchungu mwaka 2020, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoonyesha kuwa vipimo vya oksijeni vya kidoleni viliwaonyesha wagonjwa weusi kuwa na oksijeni ya kutosha wakati damu yao ilikuwa imepungukiwa, kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wagonjwa weupe. Vifaa hivyo hutegemea mwanga kupenya ngozi, na havikuwa vimepimwa vya kutosha kwa watu wa ngozi nyeusi. Umeme wa moyo hautegemei rangi ya ngozi. Hata hivyo, mwinuko wa mahali, uzito wa watoto wanapozaliwa, namna wakunga wanavyosugua na kukausha, vyote vinaacha alama katika ishara. Rekodi za Haydom ni hazina kwa sababu hiyo: zimetoka kwa watoto walewale ambao kifaa kitawatumikia.

Hanang inajua maana ya mashine zisizo na mizizi

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuupiga mji wa Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Barabara zilizibwa, nyumba zilifukiwa, umeme ulikatika. Wajawazito waliotarajia kujifungua wiki ile hawakuweza kuahirisha uchungu. Siku kama hizo hupima huduma ya afya kwa kipimo kisicho na huruma: ni kipi kinaendelea kufanya kazi bila nguzo za umeme, bila mtandao na bila gari la vipuri? Kifaa kinachopeleka data yake kwenye kompyuta za mbali kwanza ndipo kijibu kitanyamaza. Kifaa kinachoamua chenyewe, kwa mikrowati chache, kitaendelea kutoa jibu.

Hanang ina historia nyingine ya teknolojia ambayo hatupaswi kuisahau. Kuanzia miaka ya 1970, nyanda za Basotu zililimwa ngano kwenye mashamba makubwa ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Canada, yenye matrekta na kombaini za kisasa. Wabarbaig walipoteza maelfu ya hekta za malisho yao na wakaenda mahakamani kuzidai. Ujuzi wa kuyaendesha mashamba yale, vipuri na fedha vilitoka nje kwa kiasi kikubwa. Msaada ulipokoma katika miaka ya 1990, mashamba yakadorora. Ngano ilistawi katika udongo ule, lakini mradi haukuwahi kuwa wa watu wa pale.

Vifaa tiba vya akili mnemba vinaweza kufuata njia hiyohiyo: data itoke Mbulu, chipu itengenezwe mbali, kifaa kirudi kikiwa kimefungwa, kisichofunguliwa na fundi yeyote wa Manyara. Au vinaweza kufuata njia ya Haydom, ambako utafiti ulikaa kitandani, ukahojiwa na wakunga, na matokeo yake yakabadilisha kazi yao.

Njia ya Haydom imethibitika. Mpango wa Safer Births Bundle of Care, ulioongozwa na hospitali hiyo pamoja na Serikali na wadau wengine, ulifika hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, yaliyoandikwa na Benjamin Kamala, Hege Ersdal na wenzao na kuchapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England, yalihusu akina mama wapatao 280,000. Vifo vya watoto tumboni karibu na uzazi na katika saa za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Vifaa kama Moyo na NeoBeat vilikuwamo. Lakini vilikwenda pamoja na mazoezi ya kila wiki, wakunga viongozi katika kila wodi, na takwimu zilizorudishwa kwa waliozikusanya. Kifaa peke yake hakikuokoa mtu. Kilimwezesha mkunga aliyeandaliwa.

Yanayowezekana hapa kwetu

Tanzania haina kiwanda cha chipu, wala haihitaji kuwa nacho ili ishiriki. Kubuni saketi ni kazi ya akili, programu na kompyuta. Chipu huchapwa kwenye viwanda vya nje kwa oda, kama wanavyofanya wahandisi wa nchi nyingi tajiri. Kinachohitajika ni watu wanaoielewa transista na wanaomwelewa mkunga. Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iko Arusha. Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hufundisha mafundi na wahandisi wa vifaa tiba, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) vilevile. Kati yao na Haydom ni safari ya siku moja tu ya basi au gari kwa walio Arusha, na mbili kwa walio Dar es Salaam. Mwanafunzi wa uhandisi anayekaa wodini usiku mmoja na kuona mikono ya mkunga ilivyolowa atabuni kitu tofauti na yule aliyesoma tatizo kwenye karatasi.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua taarifa za afya kuwa nyeti. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inasimamia usalama wa vifaa. Kifaa kinachofanya uamuzi ndani yake, bila kutuma mapigo ya moyo wa mtoto kwenye mtandao, kinalinda siri ya familia kwa maumbile yake. Hilo ni jambo ambalo wasimamizi wanapaswa kulipa uzito wanapopima vifaa vinavyoshindana sokoni.

Mapigo ya moyo yaliyorekodiwa Haydom tangu mwaka 2013 yalitolewa na familia za wakulima na wafugaji, mengi yakiwa ya watoto walioponea chupuchupu, na mengine ya watoto ambao hawakupona. Dunia imejifunza kwao. Malipo yanayostahili ni kifaa cha bei nafuu, kinachokaa na chaji kwa miezi, kilichofunzwa kwa mioyo ya watoto wa Manyara, katika kila zahanati ya Mbulu na Hanang wanakozaliwa watoto.

Kazi hiyo inaweza kuanza na tangazo lijalo la zabuni ya vifaa tiba. Kila halmashauri na kila mfadhili anayetaka kununua kifaa chenye akili mnemba kwa ajili ya wodi ya wazazi amuulize muuzaji maswali matatu: kinatumia umeme kiasi gani kikiwa macho usiku kucha, kilijifunza kwa watoto wa wapi, na ni fundi gani wa mkoa huu atakayekifungua kikiharibika? Muuzaji asiyekuwa na majibu ya maswali hayo, kifaa chake hakijawa tayari kwa mtoto wa Yaeda Chini.